Mashine ya kusoma mishipa ya kiganja: inafaa kwa kiwanda cha samaki?

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi ni afisa rasilimali watu katika kiwanda cha kuchakata samaki hapa Mwanza. Tuna wafanyakazi wapatao 600, wengi wao wakiwa kwenye kukata minofu ya sangara. Mashine yetu ya kuweka dole inawakataa watu kila asubuhi. Foleni inafika barabarani, na wapo walioandikwa watoro ilhali walikuwa kazini. Muuzaji mmoja ametuletea mashine inayosoma mishipa ya damu ndani ya kiganja. Anasema haikosei, haidanganyiki, na itafungua milango yote kuanzia geti la wafanyakazi hadi stoo ya bidhaa zilizo tayari kusafirishwa. Mkurugenzi ameipenda. Wafanyakazi wanaogopa: kuna wanaosema mwanga wake unakausha damu, na kuna wanaosema ni njia ya kuwapima virusi vya ukimwi kimyakimya. Je, ni salama? Inaishinda kweli mashine ya dole? Na sheria inasemaje?

Jibu: Marahaba, dada. Teknolojia yenyewe ni nzuri, na kwa mikono ya watu wako ina nafasi kubwa ya kufanya kazi kuliko dole. Ila hayo ya kwamba haikosei wala haidanganyiki si kweli. Kabla mkurugenzi hajasaini, kuna mambo ya baridi, ya waya na ya utunzaji wa taarifa ambayo yana uzito kuliko mashine yenyewe. Nitayaeleza kwa urefu kwa sababu watakaoumia mkikosea ni hao hao wanaosimama foleni sasa.

Wafanyakazi wako hawana kosa lolote. Mashine ya dole husoma vijistari vya ngozi ya juu, na ngozi hiyo ndiyo ya kwanza kuumia. Mtu anayekata minofu zamu nzima, mikono ndani ya glavu zilizoingia maji, akinawa kwa maji ya klorini kila anapoingia na kutoka, akishika barafu na mapezi, ncha za vidole vyake hujikunja na kulika mpaka vijistari vinafifia. Mafundi wanaoshika saruji, wafua nguo, wakulima wa jembe na wazee wana shida hiyo hiyo. Wakati wa usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, mwaka 2019 kuelekea mwanzoni mwa 2020, watu wa namna hii walirudiarudia kuweka vidole hadi wakakata tamaa. Kwa hiyo malalamiko yao yachukuliwe kuwa ni ya kweli tangu mwanzo.

Mishipa ya kiganja iko chini ya ngozi, haiguswi na klorini wala magamba. Vena ndizo zinazorudisha damu kwenye moyo. Damu hiyo imeshaacha sehemu ya oksijeni yake mwilini, na hemoglobini iliyopungukiwa oksijeni humeza vizuri mwanga wa infraredi ulio jirani na mwekundu, hasa kwenye nanomita 760 hivi. Mashine humulika kiganja kwa mwanga huo, nao hupenya milimita chache, hutawanyika ndani ya nyama na kurudi. Penye vena unamezwa. Kamera inachoona ni kiganja cheupe chenye mtandao wa mistari myeusi, na programu hugeuza mtandao huo kuwa mfululizo wa namba. Namba hizo tunaziita kiolezo. Siku nyingine ukiweka mkono, mashine hupiga picha mpya, hutengeneza namba mpya na kuzilinganisha na zile za siku ya usajili. Mtandao huo hutofautiana kati ya mtu na mtu, hata kwa pacha wa kufanana, na mkono wako wa kulia hautoi ramani sawa na wa kushoto.

Jambo lenyewe si jipya. Mhandisi Mwingereza, Joe Rice, alilifanyia kazi miaka ya 1980, kisha Wajapani wakalipeleka sokoni: Fujitsu kwa kiganja, Hitachi kwa kidole. Benki za Japani zilianza kulitumia mwaka 2004. Mwaka 2012 benki ya Ogaki Kyoritsu iliweka mashine za kutolea pesa ambazo mteja anatumia kiganja bila kadi. Sababu yao ilikuwa tetemeko na tsunami ya Machi 2011, iliyowaacha watu wengi bila kadi wala kitabu cha benki.

Kuna mitego miwili ya majina. Zipo mashine za zamani za umbo la mkono, ambapo unalaza mkono juu ya bamba lenye vigingi. Zilitumika hata kwenye Olimpiki za Atlanta mwaka 1996. Hizo hupima urefu na upana wa vidole tu. Na zipo za bei nafuu zinazouzwa kwa jina la kiganja lakini zinasoma mistari ya ngozi kwa kamera ya kawaida. Hizo za pili zitakurudishia tatizo lile lile la ngozi iliyolika. Muulize muuzaji kwa maandishi: inasoma vena, ngozi, au vyote viwili? Na mwambie akuonyeshe picha ghafi ambayo kamera imeipiga, usiridhike na alama ya kijani kwenye skrini.

Kuhusu hofu za wafanyakazi, usizicheke. Mwanga unaotumika ni wa jamii ya ule unaotoka kwenye rimoti ya televisheni. Si eksirei, hauharibu vinasaba, na kwa nguvu ndogo inayotumika hauwezi kukausha chochote. Kuna kiwango cha kimataifa cha usalama wa taa kwa macho na ngozi, IEC 62471. Mwombe muuzaji cheti cha upimaji kinachotaja mashine hiyo hiyo, akupe na nakala ya kubandika ubaoni. Kupima VVU kunahitaji damu au majimaji ya mdomoni, na kamera hii haichukui hata kimojawapo. Haipimi sukari wala mimba.

Maelezo hayo peke yake hayatoshi. Kusanya watu kwa makundi madogo, mkurugenzi aweke mkono wake wa kwanza mbele yao, na picha ya vena zake ionekane kwenye skrini kubwa. Waache waulize. Halafu futeni picha ile wakiwa wanaona. Mtu akishaona kwamba kinachochukuliwa ni mchoro wa mistari, mazungumzo hubadilika na kuwa ya maana zaidi: mchoro huo utakaa wapi, na nani ataushika. Hilo ndilo swali ambalo hata mimi ningeuliza kama ningekuwa kwenye foleni hiyo.

Rangi ya ngozi pia itajitokeza. Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, humeza infraredi kidogo sana ikilinganishwa na mwanga tunaouona kwa macho, ndiyo maana njia hii hufanya kazi kwenye ngozi nyeusi, tena kiganja chenyewe kina melanini chache. Lakini Desemba 2020 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba vipima oksijeni vya kubana kidoleni, ambavyo navyo hutumia mwanga mwekundu na infraredi, vilikuwa vikikosea mara nyingi zaidi kwa wagonjwa weusi. Vilikuwa vimetumika hospitalini kwa miaka mingi kabla ya hapo. Kwa hiyo matokeo ya majaribio yaliyofanywa Tokyo au Shenzhen yasichukuliwe kama yamefanyika Mwanza. Jaribuni kwa mikono ya watu wenu, wakiwemo wanawake waliotoka harusini na hina au piko. Rangi nyekundu ya hina kwa kawaida hupitisha mwanga huu, ila piko nene ni kitu kingine, na dakika kumi za majaribio zitawapa jibu.

Sasa baridi. Hapa ndipo kiwanda chako kinatofautiana na benki ya Japani. Mkono ukipoa, mishipa hubana ili mwili usipoteze joto. Vena zikibana, picha hufifia, na mashine humkataa mtu halali au humwambia arudie. Mfanyakazi aliyetoka kupanga maboksi kwenye chumba cha baridi, au aliyeshika barafu tangu asubuhi, ndiye atakayekwama. Mkisajili watu saa mbili asubuhi mikono ikiwa na joto la nyumbani, kisha mkatarajia mikono ile ile ifungue mlango saa tisa alasiri ikitoka kwenye barafu, mtakuwa mmehamisha foleni kutoka getini hadi ndani.

Dawa yake kubwa ni mahali pa kufunga mashine. Ikae kwenye mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo, kabla mtu hajavaa glavu na mabuti, na saa ya kutoka asome baada ya kuvua na kunawa kwa maji ya uvuguvugu. Isikae kabisa kati ya ukumbi wa minofu na chumba cha baridi. Faida ya kutogusa, ambayo kwa kiwanda cha chakula ni kubwa, mtaipata hapo hapo: kiganja huelea sentimita chache juu ya kisomaji, wala hakuna kioo ambacho watu 600 wanakipapasa mmoja baada ya mwingine.

Jua nalo lina infraredi nyingi. Mashine iliyofungwa kwenye geti la nje linaloangalia magharibi itafanya kazi vizuri asubuhi na kusumbua jioni, kwa sababu taa yake itakuwa sawa na tochi iliyowashwa mchana wa jua kali. Ikibidi kuiweka nje, iwekewe kibanda chenye paa refu na kuta za pembeni. Na kila mtu asajiliwe mikono yote miwili: wakata minofu hujikata, na mtu mwenye bandeji kiganjani asikose kazi siku hiyo.

Usikubali jaribio la nusu saa mezani kwa mkurugenzi. Dai wiki mbili, na washiriki wawe wale wanaosumbuliwa zaidi na mashine ya dole, pamoja na watu wa chumba cha baridi, wa zamu ya usiku na wenye umri mkubwa. Kila kukataliwa kuandikwe: nani, saa ngapi, mkono ulikuwaje. Kuna kanuni rahisi ya takwimu ya kukusaidia hapa. Ukijaribu mara 300 bila kosa hata moja, unachoweza kudai kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba makosa hayazidi asilimia 1 hivi. Ili kuthibitisha asilimia 0.01 ambayo vipeperushi hupenda kutaja, ungehitaji majaribio kama 30,000 yasiyo na kosa. Kwa hiyo muuzaji anayesema amethibitisha namba hiyo kwa siku moja ofisini kwenu, hajathibitisha chochote.

Namba za vipeperushi zenyewe zinahitaji kusomwa kwa makini. Fujitsu ilitangaza kwa miaka mingi kwamba kisomaji chake humkubali asiyehusika kwa chini ya asilimia 0.00008, na humkataa anayehusika kwa asilimia 0.01. Asilimia 0.00008 ni sawa na mara moja katika ulinganisho 1,250,000. Inatisha kwa uzuri, lakini angalia inavyotumika. Mtu akiweka mkono tu bila kujitambulisha, mashine inamlinganisha na kila kiolezo kilichomo. Kwenu ni 600. Mgeni asiyehusika anapata nafasi 600 za kufanana na mtu yeyote, na uwezekano wa kupita unakuwa karibu mara moja katika 2,083. Mkisajili mikono miwili kila mmoja, ni karibu mara moja katika 1,042. Kwa geti la asubuhi hiyo bado ni nzuri. Kwa stoo yenye makontena ya minofu ya kusafirisha nje, mimi nisingekubali.

Suluhisho ni la kizamani kidogo: mpe kila mfanyakazi kadi. Agonge kadi kwanza, ndipo aweke kiganja. Mashine sasa inalinganisha mkono mmoja na mtu mmoja, na unarudi kwenye ile moja katika 1,250,000, au mbili katika 1,250,000 kama mmesajili mikono miwili. Kadi iliyookotwa barabarani haifungui, kwa sababu kiganja hakipo. Nitairudia kadi hii nikifika kwenye sheria, maana faida yake kubwa zaidi iko huko.

Haidanganyiki? Desemba 2018, kwenye kongamano la wadukuzi la Chaos Computer Club huko Leipzig, Ujerumani, Jan Krissler na Julian Albrecht walionyesha mkono wa nta ukivipita visomaji vya mishipa vya kampuni mbili kubwa, Hitachi na Fujitsu. Walichukua kamera ya kawaida ya kitaalamu, wakaiondolea kichujio kinachozuia infraredi, wakapiga picha za viganja. Waliona kuwa umbali wa mita tano unatosha. Kisha wakachapa mchoro wa mishipa kwa printa ya leza na kuufunika kwa nta. Haikuwa kazi rahisi, walipiga picha zaidi ya 2,500 kwa muda wa mwezi mzima mpaka wakapata njia. Lakini baada ya siku ile, muuzaji anayekuambia kwamba mkono lazima uwe hai na damu itembee anapaswa kukuonyesha cheti cha upimaji wa udanganyifu kwa kiwango cha ISO/IEC 30107, kilichofanywa na maabara isiyo yake. Kama hana, chukulia kuwa mkono wa bandia unaweza kupita.

Hata hivyo, nikwambie ukweli kutokana na kazi yangu: mwizi wa Mwanza hatatengeneza mkono wa nta. Atabeba bisibisi.

Hapa naomba umwite fundi umeme wenu asome nawe. Mashine nyingi za bei nafuu zina rilei, yaani swichi ya umeme ya kufungua mlango, ndani ya kisomaji chenyewe, na kisomaji kimefungwa nje, upande wa mtu anayetaka kuingia. Ukifungua skrubu mbili za chini na kukivuta ukutani, nyaya mbili za kufuli zinaning'inia hapo hapo. Yeyote anayejua umeme kidogo atafungua mlango bila kiganja cha mtu yeyote, na kumbukumbu za mashine hazitaonyesha kitu. Nimekuta hali hii kwenye milango yenye mashine za gharama kubwa, na wenye jengo walikuwa wakilipa bima kwa kuamini wako salama. Kisomaji cha nje kisome tu na kupeleka taarifa. Kontrola inayoamua na kufungua ikae ndani, kwenye kabati lenye kufuli, upande uliolindwa.

Kisha uliza taarifa hiyo inapita vipi kati ya kisomaji na kontrola. Njia iliyozoeleka ni Wiegand, ya nyaya mbili za data ambazo kwa kawaida ni kijani na nyeupe. Haina usimbaji wowote, yaani taarifa hupita bila kufichwa. Kifaa kidogo kikibanwa kwenye nyaya hizo kitanakili namba ya mfanyakazi anapopita, na usiku kitairudia. Kontrola itaamini kwamba amekuja. Kwa maneno mengine, mtakuwa mmelipia mishipa ya damu huku mlango ukifunguliwa na namba inayopita wazi. Dai mfumo wa OSDP wenye njia salama iliyosimbwa, uandikwe kwenye mkataba kwa jina hilo, na siku ya makabidhiano fundi akuonyeshe kwamba umewashwa kweli, kwa sababu vifaa vingi vinakuja vikiwa na uwezo huo ila umezimwa.

Mlango wa chumba cha baridi na kila mlango wa kutokea haupaswi kamwe kumdai mtu kiganja ili atoke. Ndani kuwe na kitasa au kitufe kinachofungua moja kwa moja, na kufuli za sumaku kwenye njia za dharura ziachie kengele ya moto ikilia au umeme ukikatika. Mtu aliyefungiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri mikono imeganda hawezi kusomwa na mashine yoyote ya mishipa. Katika hili msikubali maelewano yoyote.

Na umeme ukikatika? Kufuli la sumaku linaloshika kwa nguvu ya kilo 280 hula karibu ampea 0.5 kwa volti 12. Ongeza kisomaji na kontrola, tuseme jumla ni ampea 1. Betri ya kawaida ya ampea-saa 7 inayowekwa kwenye kabati hizo itakupa saa saba kwenye karatasi, na ikiwa imezeeka ni chini ya nusu ya hapo. Wekeni jenereta yenu kwenye hesabu, na betri zibadilishwe kwa ratiba, zisingoje zife.

Sasa sheria, na kwa kweli hapa ndipo moyo wangu ulipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za kibayometria zimo kwenye kundi la taarifa binafsi nyeti, na kanuni ya msingi ni kwamba hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ya mwenyewe, ridhaa ambayo anaweza kuiondoa. Kiwanda chenu ni mkusanyaji wa taarifa, kwa hiyo mnatakiwa kuwa mmesajiliwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kama seva ya muuzaji iko nje ya nchi, mnaingia pia kwenye masharti ya kuhamisha taarifa nje. Mwambie mwanasheria wenu aanze na hayo kabla ya malipo ya kwanza, na ahakikishe kama mashine ya dole mliyonayo sasa iliwahi kufuata utaratibu huo. Nchini Kenya, Oktoba 2021, Mahakama Kuu ilitangaza kwamba uzinduzi wa kadi za utambulisho za Huduma ulikuwa batili kwa sababu serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa taarifa za watu. Ikiwa serikali ilirudishwa nyuma, kiwanda hakina pa kujificha.

Usidhani pia kwamba geti ni jambo dogo mno kufika mahakamani. Oktoba 2022 baraza la mahakama mjini Chicago liliikuta kampuni ya reli ya BNSF na hatia ya kuvunja sheria ya bayometria ya jimbo la Illinois, kwa kuwachukulia madereva wa malori alama za vidole kwenye mageti ya yadi zake bila ridhaa ya maandishi. Hukumu ilikuwa dola milioni 228. Baadaye kesi ilimalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 75. Yalikuwa mageti ya kuingilia yadi tu.

Na hatari yenyewe si ya kufikirika. Agosti 2019 watafiti walikuta kumbukumbu za BioStar 2, mfumo wa kufungulia milango ya majengo wa kampuni ya Suprema, zikiwa wazi kwenye intaneti, zikiwa na alama za vidole za watu ambao watafiti hao walisema ni zaidi ya milioni moja, pamoja na taarifa za nyuso. Nywila ikiibwa unaibadilisha jioni hiyo hiyo. Kiganja mfanyakazi wako anavyo viwili maisha yake yote, na kesho anaweza kuhitaji kimoja benki au hospitali.

Ndiyo maana narudi kwenye kadi. Kiolezo cha kiganja ni kilobaiti chache tu, kinaenea ndani ya kadi nzuri yenye chipu iliyosimbwa. Mfanyakazi anagonga kadi, kisomaji kinachukua kiolezo kutoka kwenye kadi yake, kinalinganisha na mkono ulioko mbele yake, kinasahau. Kiwanda hakina ghala la viganja vya watu 600, kwa hiyo hakuna cha kuibwa kwa mkupuo. Akiacha kazi, kadi inaharibiwa mbele yake na habari imeisha. Muuzaji atakuambia njia hii inachelewesha foleni. Ni kweli kuna kugonga kadi kwanza, lakini ulinganisho wa mmoja kwa mmoja nao ni wa haraka kuliko kumtafuta mtu kati ya 600, na visomaji viwili getini vinamaliza ubishi. Akisema mashine yake haiwezi, hiyo ni sababu ya kutafuta muuzaji mwingine. Hakikisheni tu kadi si zile za kilohezi 125 zinazonakiliwa kwa kifaa cha bei ya chakula cha mchana, wala MIFARE Classic, ambayo usimbaji wake ulivunjwa tangu 2008.

Ridhaa iwe ridhaa. Mtu anayejua kwamba akikataa hana kazi kesho, sahihi yake haimaanishi kitu. Wekeni njia mbadala isiyo ya bayometria, mfano kadi na namba ya siri mbele ya mlinzi, na iwe wazi kwa yeyote bila maswali na bila kukatwa hata shilingi. Njia hiyo hiyo itawahudumia wenye majeraha, wenye mikono iliyopoa, mwenye kilema cha mkono, na siku mashine ikiharibika. Wengi watachagua kiganja wenyewe kwa sababu ni rahisi.

Halafu tenganisheni mlango na mshahara. Mashine ikimkataa mtu, hiyo ni taarifa kuhusu mashine. Isiwe na uwezo wa kumwandika mtu mtoro peke yake. Msimamizi wa zamu amwone kwa macho na aandike, na mwisho wa wiki wewe uangalie majina yanayojirudia kwenye orodha ya waliokataliwa ili wasajiliwe upya mikono ikiwa na joto. Wale walioandikwa watoro wakiwa kazini, nakuomba uwafuatilie sasa, kabla ya mashine mpya. Kumbukumbu za zamu, orodha za glavu na mabuti yaliyotolewa, na wasimamizi wao vinatosha kuwarudishia haki yao ya mshahara, na hakuna mkutano wa kuelezea infraredi utakaoeleweka na watu waliokatwa pesa na mashine iliyopita.

Kwa mkurugenzi, nenda na pendekezo hili: kiganja pamoja na kadi kwenye mlango wa kubadilishia nguo na kwenye stoo ya bidhaa, kontrola ndani, OSDP imewashwa, wiki mbili za majaribio kwa watu wa barafu kabla ya malipo kamili, na kifungu cha mkataba kinachomkataza muuzaji kutoa kiolezo chochote nje ya kiwanda. Ofisi na kantini hazihitaji bayometria, kadi inatosha. Muuzaji akikujibu kuhusu rilei na mahali kiolezo kinapokaa, niandikie majibu yake kama alivyoyaandika, nami nitayapitia pamoja na fundi wenu.